Daftari limejaa, kinywa kimekauka: kisa kimoja cha msamiati wa Kiingereza

Alikuja na madaftari matatu, akayaweka mezani kabla hajakaa. La kwanza lilikuwa limechakaa hadi jalada limeng'oka. "Mwalimu, haya yote nimeyasoma," akasema. "Yote. Na juzi nimekaa mbele ya watu watatu nikashindwa kujibu swali ambalo kila neno lake nalijua."

Swali lilikuwa la usaili wa kazi. Walimtaka aeleze siku aliyomhudumia mteja mgumu na jinsi alivyolimaliza jambo lenyewe. "Deal with", "difficult" na "client" yote yamo katika daftari la pili, nimeyaona, neno kwa wino wa bluu na tafsiri kwa wino mwekundu. Swali alilielewa lilipotamkwa tu. Jibu pia alikuwa nalo, limekamilika kichwani kwa Kiswahili: mteja aliyeingia akifoka kwa sababu ya ankara na kuondoka akishukuru. Kilichotoka kinywani ni sentensi mbili zilizokatika na "sorry" tatu.

Amenikubalia niandike habari yake bila jina. Naiandika kwa sababu wanafunzi wanaokwama hivi ni wengi, na karibu wote hunieleza kwa kauli ileile: "msamiati wangu ni mdogo." Wakishasema hivyo wanarudi nyumbani kuongeza maneno. Huyu alikuwa ameongeza kwa miaka miwili na nusu.

Kilichokuwa ndani ya madaftari

Maneno matano kila siku, na siku alizoruka zinahesabika. Kila ukurasa umegawanywa kwa rula, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Tuliyahesabu pamoja tukapata zaidi ya 4,000. Nilimwambia kwanza kwamba sijaona bidii ya namna hiyo, na nilimaanisha. Mtu aliyefanya kazi kubwa kiasi hicho halafu akaaibika mbele za watu hapaswi kupokewa kwa orodha ya makosa yake.

Kisha nikauliza maneno hayo aliyatoa wapi. Daftari la kwanza lilitoka kwenye kamusi, kwa mpangilio wa herufi: "abandon", "abate", "abbreviate", "abdicate", "abhor", yote ya siku moja. La pili na la tatu alipanga kwa makundi ya maana. Siku ya hasira, kwa mfano, iliandikwa "angry", "annoyed", "furious", "upset", "irritated", na upande wa kulia kuna "kukasirika" mara tatu na "kuudhika" mara mbili.

Njia hii ya pili huonekana ya busara, na vitabu vingi vya kufundishia hufuata mpangilio huohuo. Lakini mtafiti Thomas Tinkham alipoijaribu kwa wanafunzi na kuchapisha matokeo mwaka 1993, aliona kwamba maneno yaliyokaribiana kimaana yakifundishwa kwa pamoja hujifunzwa polepole kuliko yasiyohusiana, kwa sababu yanaingiliana. Kwa mwanafunzi wangu hilo lilionekana wazi. "Annoyed" na "upset" aliyakumbuka kama watu wawili waliotambulishwa kwake siku moja wakiwa wamevaa sare: anajua amewaona, hajui nani ni nani.

Na kuhusu kamusi, niseme tu kwamba "abdicate" ni kitendo cha mfalme kuacha kiti chake. Mtu anaweza kufanya kazi kwa Kiingereza maisha yake yote asilihitaji hata mara moja. Wakati huohuo "manage to", "turn out" na "end up" hayakuwamo katika daftari lolote. Mwalimu wa Kiingereza Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno takriban 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, akijua kwamba mwanafunzi akianzia hapo atakuwa amebeba sehemu kubwa ya kila ukurasa atakaousoma. Maneno hayo mafupi yanayorudi kila mara mwanafunzi wangu aliyadharau kidogo. Aliyaona ya darasa la nne.

Hapo nilisimama, kwa sababu niliona jambo la usaili. Nilipomwomba anieleze kisa cha mteja kwa Kiingereza, taratibu, bila watu watatu mbele yake, alikwama kwenye "nilimsaidia". Nikamwona anatafuta. Baada ya muda akatoa: "I gave him assistance." Neno "help" analo tangu utotoni, liko mdomoni kabisa, akalipita akaenda kutafuta lililo mbali. Kiingereza kina jozi nyingi za namna hii tangu Wanormani waliposhinda Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa chao kikawa lugha ya wakubwa: "help" na "assist", "begin" na "commence", "ask" na "inquire", "buy" na "purchase". Lile fupi la kienyeji ndilo la mazungumzo, lenye asili ya Kifaransa ndilo la barua na hati. Yeye alikusanya ya hati, halafu akaenda kuyatumia kwenye mazungumzo.

Kipimo cha maneno 40

Nilichagua maneno 40 kutoka daftari la pili bila kumwonyesha. Kwanza mimi nilisoma Kiingereza, yeye akatoa maana. Alipata 33. Akatabasamu.

Kisha nikageuza. Nilimpa sentensi fupi ya Kiswahili, atoe ya Kiingereza yenye neno lilelile. Alilitoa neno mara tisa. Katika hizo tisa, sentensi nne tu ndizo zilikuwa sahihi. Akanyamaza. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo miaka yote hii nimepata manne?"

Hapana. Alikuwa amepata 33 ya aina moja na manne ya aina nyingine. Kutambua neno likija na kulitoa likihitajika ni uwezo wa namna mbili, na wa kwanza ukikua hauvuti wa pili. Kwa miaka miwili na nusu alifunika upande wa Kiswahili kwa kiganja, akasoma Kiingereza, akasema maana, akaendelea. Siku nyingine hakufunika kabisa, alisoma tu pande zote mbili mara kumi. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha mwaka 2006 watu wanaosoma tena na tena na watu wanaojipima. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtu akisoma ukurasa mara kumi jioni hulala akiamini anaujua, na jioni hiyo kweli anaujua.

"I reluctant"

Katika sentensi tano alizokosea, moja ilinifungua macho zaidi ya nyingine zote. Nilimpa "Nilisita kumjibu." Akasema, "I reluctant to answer him."

Daftari linasema: reluctant, kusita. Kwake basi ni kitenzi, maana "kusita" ni kitenzi. Nikamjaribu kwa mengine ya aina hiyo. "Nafahamu hilo": "I aware of that." "Hakuwepo": "He absented." Kiswahili kina vivumishi vichache, na mengi ambayo Kiingereza huyaweka kwenye vivumishi sisi huyabeba kwa vitenzi. Tafsiri ya neno moja kwa neno moja hulificha hilo kabisa. Hakukosea kwa uzembe. Alitii daftari lake.

Ndipo nikamwuliza swali ambalo naona ndiyo roho ya kisa hiki.

"Dada, unasemaje 'nimechoka'?"

"I am tired," akajibu, bila kufikiri.

"Na 'nasita'?"

"I reluct..." Akakatisha. Akaniangalia.

"Kuchoka" ni kitenzi kama "kusita", na "tired" ni kivumishi kama "reluctant". Tatizo ni lilelile, neno kwa neno, lakini kwenye "tired" hajawahi kukosea hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu hakuwahi kuandika popote kwamba tired ni kuchoka. Alilisikia tangu mtoto likiwa na wenzake, "I am tired", likiwa pande moja, akalichukua hivyo. Mwanaisimu J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno yanayoandamana nalo. Maneno ya madaftari aliyachukua yakiwa peke yake, kila moja likiwa limeng'olewa kwao na kukabidhiwa mwenzi mmoja wa Kiswahili.

Baada ya hapo makosa mengine yakaanza kujieleza yenyewe. "Remember me tomorrow" alimaanisha nikumbushe kesho. "Can you borrow me a pen" alimaanisha niazime. Kiswahili hubadilisha mkia wa kitenzi: kumbuka na kumbusha, kopa na kopesha, ona na onyesha, la na lisha, anguka na angusha. Mzizi unabaki uleule, na masikio yetu yamezoea kwamba ni neno moja lenye sura mbili. Kiingereza hapo mara nyingi hubadilisha neno zima: "remember" na "remind", "borrow" na "lend", "see" na "show", "eat" na "feed", "fall" na "drop". Bei ikipanda yenyewe ni "rise", mtu akiipandisha ni "raise". Mara nyingine tena neno ni moja kwa kazi zote mbili: kurudi ni "return" na kurudisha ni "return" vilevile. Kamusi haikuambii haya, kwa kuwa kamusi hujibu neno unalouliza, haiwezi kujua umezoea kuona nini.

Mkia wa kutendea, yaani -ia au -ea, nao una deni lake. Tunasema "nielezee", na mtu anayeelezewa yumo ndani ya kitenzi, kwa hiyo "explain me" hutoka mdomoni bila wasiwasi. Kiingereza kinataka "explain to me". Andikia ni "write to", pikia ni "cook for", chekea ni "smile at". Nilimwambia akiona kitenzi cha Kiswahili kinaishia kwa namna hiyo, ajiulize kama Kiingereza kinadai kihusishi, na kipi. Si kanuni isiyovunjika, maana "niambie" ni "tell me" tu. Lakini swali hilo peke yake liliondoa makosa mengi.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Ushauri mwingi wa msamiati huandikwa kana kwamba wanafunzi wote wanatoka lugha moja isiyo na jina. Mzungumzaji wa Kiswahili haanzi patupu. Ana mfumo wa vitenzi wenye utajiri mkubwa, nao ndio unaomsaidia kuona pande mbili za kitendo, na ndio huohuo unaomwangusha asipoujua.

Tulichofanya

Tulipunguza kwanza. Kutoka maneno 35 kwa wiki hadi kumi. Hilo lilimuuma kuliko yote, aliona kama tunarudi nyuma.

Maneno yenyewe hayakutoka kwenye kamusi tena. Nilimwomba anisimulie kisa cha mteja kwa Kiswahili, chote, kama angemsimulia dada yake. Nikaandika. Kisha tukapita sentensi kwa sentensi tukiuliza: kulisema hili kwa Kiingereza, unakosa nini? Alikosa "calm down" kwa yule mteja kutulia. Alikosa "it turned out that" kwa pale alipogundua kwamba ankara kweli ilikuwa na kosa. Alikosa "overcharge". Wiki ya kwanza ilipatikana yote humo, na hakuna hata neno moja lililokuwa gumu.

Kila neno likapata kadi. Mbele sentensi yake ya Kiswahili, nyuma sentensi ya Kiingereza tuliyoihakiki pamoja. Neno peke yake halikuruhusiwa kwenye kadi. Kazi ikawa kusoma Kiswahili, kusema Kiingereza kwa sauti, ndipo kugeuza. Kadi zilikaa kwenye sanduku lenye vyumba vitano, kwa utaratibu alioueneza Mjerumani Sebastian Leitner katika miaka ya 1970: ukipata, kadi inasogea chumba cha mbele na kusubiri muda mrefu zaidi, ukikosa, inarudi chumba cha kwanza. Sisi tulitumia siku 1, 3, 7, 14 na 30. Kuna programu za simu zinazofanya hivyo zenyewe. Yeye alichagua karatasi kwa sababu anapenda kuandika kwa mkono, na sikuona sababu ya kumpinga.

Kuhusu kusoma, alikuwa akijilazimisha magazeti yenye maneno manane mageni kwa aya. Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba ili kusoma magazeti na riwaya za Kiingereza huku ukifahamu maneno 98 kati ya kila 100, unahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, familia moja ikiwa ni neno pamoja na maumbo yake, kama "help", "helped" na "helpful". Chini ya kiwango hicho mtu hasomi, anafukua. Tulihamia vitabu vilivyorahisishwa kwa ngazi, ambamo neno geni ni moja kwa kila maneno 50 hivi. Alianza kumaliza vitabu.

Wiki ya tatu

Wiki ya tatu mambo yaliharibika, na kosa lilikuwa langu. Kadi zilikwenda vizuri mno. Alizitoa zote kama mashairi. Nikabadilisha kidogo: badala ya mteja aliyefoka, nisimulie jirani aliyefoka. Akarudi palepale pa usaili, kimya. "Calm down" lilikuwa limefungwa ndani ya sentensi ya mteja na halitoki bila yeye.

Alirudi kwake siku hiyo akiwa amevunjika moyo, nami sikulala vizuri. Nilikuwa nimemtoa kwenye neno lililo peke yake nikamfungia kwenye sentensi iliyo peke yake. Kuanzia siku iliyofuata kadi ilibadilika kazi. Akishatoa sentensi iliyoandikwa, atoe nyingine ya papo hapo akibadilisha jambo moja: mtu, wakati au mahali. "The client calmed down" ikawa "My neighbour never calms down", ikawa "Let's wait until the baby calms down". Kadi haisogei bila sentensi ya pili. Muda wa mazoezi uliongezeka maradufu, ikabidi tushuke kutoka maneno kumi kwa wiki hadi saba.

Wakati huo ndipo daftari la zamani lilipoanza kulipa. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe, hakupima tu anachosahau. Alipima pia muda anaouokoa anapojifunza upya kitu alichokwisha kusahau, akaona kwamba hata kinachoonekana kimepotea hupunguza kazi ya mara ya pili. Hicho ndicho tulichokiona. Neno lililokuwamo katika madaftari matatu, likishapata sentensi na wenzake, lilipita vyumba vya sanduku haraka kuliko neno jipya kabisa. Nilimwonyesha hilo kwenye kadi zenyewe, kwa kuwa bado alikuwa na lile swali lake la maneno manne.

Baada ya wiki 12

Sanduku lilikuwa na kadi 91. Nikachagua 40, nikarudia kipimo cha pili, kile kigumu, kwa sentensi za Kiswahili ambazo hajawahi kuziona. Alitoa maneno 31, na sentensi 26 zilikuwa sahihi. Kisa cha mteja alikisimulia kwa dakika nne, akisimama hapa na pale, akirekebisha "he remembered me" kuwa "he reminded me" mwenyewe katikati ya sentensi.

Ameitwa usaili mwingine. Safari hii walimwuliza kuhusu kosa alilowahi kulifanya kazini, swali ambalo hatukulifanyia mazoezi. Alijibu. Majibu ya kazi yenyewe hayajatoka ninapoandika.

Kinachomsumbua sasa ni vitenzi vyenye vipande viwili au vitatu. "Put off", "put up with" na "get over" vimerudi chumba cha kwanza mara nyingi kiasi kwamba pembe za kadi zimelainika. Nadhani sababu ni kwamba kila kipande anakijua, na anavijumlisha. Tunavitafutia visa vyake mwenyewe, kimoja kimoja.

Madaftari hakuyatupa. Anayapitia upya kwa kalamu ya risasi, na kwenye "reluctant" amekata "kusita" akaandika sentensi nzima ya siku aliyokuwa hataki kurudi kwenye usaili. Anachukua tu neno ambalo ana jambo la kulisemea. Wiki iliyopita alikuwa amefika herufi D. "Abdicate" ameliruka.